Duka la vitabu vya katuni: namna ya kubadili mzigo wasomaji wanapobadilika

Jioni moja kijana wa sekondari alisimama mbele ya rafu yangu, akachomoa kitabu kilichokuja ndani ya boksi la mtumba, akakifungua kuanzia nyuma. Nikamwambia, "Mdogo wangu, umekishika kinyume." Akanijibu kwa adabu, "Hapana anko, hizi za Kijapani zinaanzia huku." Akasoma kurasa kumi akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama nina juzuu ya pili. Sikuwa nayo. Wala sikuwa nimejua kwamba hiyo aliyoishika ni ya kwanza.

Wiki hiyo waliniuliza wengine, watatu au wanne, na wote niliwajibu "hakuna" nikarudi kwenye shughuli zangu. Wakati huohuo rafu mbili nzima zilikuwa zimejaa matoleo ya mashujaa wa Kimarekani ambayo jua la dirishani lilikuwa limeshayala majalada. Nilikuwa na mzigo, na nilikuwa na wateja, ila mzigo na wateja hawakuwa wanafahamiana.

Mwongozo huu wote unazunguka jambo moja nililojifunza baadaye: ladha ya wasomaji huonekana kwenye maswali yao kabla haijaonekana kwenye mauzo. Mauzo yanakueleza kilichokwisha kutokea. Anayeulizia usichokuwa nacho ndiye anayekueleza kinachokuja. Nimeandika kwa ajili ya mwenye duka dogo hapa Dodoma au mji wowote wa kati, awe na duka zima la katuni au rafu moja tu ndani ya duka la vifaa vya shule.

Hatua ya kwanza: funga duka siku moja uhesabu mali

Usianze kwa kuagiza vitabu vipya, anza na ulivyonavyo. Chagua Jumapili, toa kila kitabu kwenye rafu, weka sakafuni juu ya turubai safi. Panga malundo matatu kwa muda kitabu kilipoingia dukani: chini ya miezi mitatu, miezi mitatu hadi sita, na zaidi ya miezi sita. Kisha jumlisha bei uliyonunulia kila lundo. Bei ya kuuzia iache, maana hiyo bado ni ndoto. Mara ya kwanza kufanya hivyo, lundo langu la tatu lilikuwa limeshika karibu nusu ya mtaji. Hela yangu ilikuwa imelala rafuni na mimi nalalamika kwamba biashara ngumu.

Kama hukumbuki kitabu kiliingia lini, hapo ndipo tatizo lilipo, na dawa yake ni penseli. Kila kitabu kikiingia, andika kwa penseli laini kwenye kona ya ndani ya ukurasa wa mwisho: mwezi, mwaka, na bei ya kununulia. Bei iandike kwa herufi ili mteja asiisome. Wenye maduka wa zamani walikuwa na neno lao la siri, na mimi natumia neno "mchungaji", kwa sababu lina herufi tisa na hakuna inayojirudia. M ni 1, C ni 2, H ni 3, U ni 4, N ni 5, G ni 6, A ni 7, J ni 8, I ni 9. Sifuri naiandika O. Nahesabu kwa mamia ya shilingi, kwa hiyo kitabu nilichonunua Sh12,000 kinaandikwa MCO, na cha Sh8,500 kinaandikwa JN. Mteja akiomba punguzo, nageuza ukurasa wa mwisho na papo hapo najua naweza kushuka hadi wapi bila kuumia. Tafuta neno lako mwenyewe, hili langu sasa si siri tena.

Hatua ya pili: fungua daftari la maulizo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ukiifanya hii peke yake ukaacha zilizobaki, bado utakuwa umepiga hatua kubwa.

Nunua daftari la kurasa 96. Liweke kando ya daftari la mauzo, na kalamu uifunge kwa kamba ili isitembee. Kila mtu akiulizia kitu usichokuwa nacho, andika pale pale, kabla hajatoka mlangoni. Andika maneno yake, usiyafasiri. Kurasa zangu zinafanana hivi:

"Jumanne. Msichana, sare ya shule, kama miaka 14. 'Mna zile za mpira wa wavu?' Ameona kwenye simu ya kaka yake."

"Jumanne. Mama, mtumishi wa wizara. Kitabu cha picha cha Kiswahili, mtoto miaka 6 anaanza kusoma. Cha sungura hataki, anavyo vitatu."

"Alhamisi. Vijana wawili wa chuo, wameshukia Jamatini. Juzuu ya 5 hadi ya 8. Walikuwa na hela mkononi."

Tazama mambo ninayoyaandika: umri wa kukadiria, anatokea wapi, kitu hicho amekijulia wapi, na kama alikuwa na hela. Hilo la mwisho lina uzito wake. Kuna anayeulizia kwa udadisi na kuna anayeulizia akiwa ameshika noti, na hao wawili usiwaweke kwenye mizani moja.

Kanuni yangu ni watu watatu wasiojuana ndani ya mwezi mmoja. Wakifika watatu, naleta nakala za majaribio. Nasisitiza wasiojuana, maana kundi la marafiki watano wa darasa moja wanaweza kuja siku tano tofauti wakiulizia kitabu kilekile, ukadhani mji mzima unakitaka. Ukikileta, mmoja atanunua na wanne wataazima kwake.

Halafu usiishie kuandika, uliza. Yule msichana wa mpira wa wavu nilimwuliza, "Umependa nini humo?" Akafikiri kidogo, akasema, "Wanashindwa, halafu wanafanya mazoezi, wanarudi." Hakutaja Ujapani wala michoro. Alichokitaka ni hadithi ya timu ya shule. Niliagiza mfululizo alioutaja, na wakati nausubiri nikampa hadithi nyingine ya michezo, ya mpira wa miguu, iliyokuwa imekaa kwangu miezi minane bila kuguswa. Aliinunua, na wiki iliyofuata akaja na mwenzake. Jina la kitabu ambalo mteja analitaja mara nyingi ni mlango tu, kwa hiyo jifunze kuuliza nyumba iliyo nyuma yake ni ipi.

Hatua ya tatu: ijue kalenda ya mji wako

Duka la katuni Dodoma haliendi kwa kalenda ya Dar es Salaam. Mji huu una majira yake.

Wanafunzi wa vyuo ndio wanunuzi wakubwa wa katuni za Kijapani, yaani manga. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina maelfu kwa maelfu ya vijana, ongeza Chuo cha Mipango, Chuo cha Biashara (CBE) na Mtakatifu Yohana. Hawa hununua bumu likiingia. Wiki mbili za kwanza baada ya mkopo kutoka wananunua juzuu tatu kwa mkupuo, na mwezi unaofuata wanakuja kusoma wakiwa wamesimama. Wote wawili wapokee vizuri, kwa sababu ni mtu yuleyule.

Watumishi wa umma ni kundi jingine. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, zimeingia familia nyingi zenye watoto wadogo katika mitaa kama Kisasa, Ipagala na Area D. Mzazi wa namna hii hanunui manga. Ananunua kitabu cha mtoto, tena cha Kiswahili au cha lugha mbili, na analipa bila ubishi akiona karatasi ni nzuri. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kuna Bunge la bajeti, mji unafurika wageni, na wageni hununua zawadi za kupeleka nyumbani. Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni, familia zinatoka, zinapita mjini. Desemba watoto wako likizo.

Januari usilete mzigo. Hela yote inakwenda kwenye ada, sare na madaftari. Nililipia somo hilo kwa boksi zima la vitabu lililofika tarehe 6 Januari, likakaa mpaka Machi.

Halafu kuna treni ya SGR, iliyoanza kufika hapa mwaka 2024. Zamani kwenda Dar es Salaam ilikuwa siku nzima ya basi, sasa ni saa chache. Kwa duka langu jambo hili lina pande mbili: mzigo naufuata kwa urahisi zaidi, lakini na mteja wangu anaweza kwenda kununua mwenyewe huko. Ndiyo maana sishindani tena na Dar es Salaam kwa wingi wa vitabu. Nashindana kwa kujua kwamba fulani amefika juzuu ya saba, na ya nane nimemwekea chini ya kaunta.

Hatua ya nne: elewa kwa nini kitu kimoja kinatoka na kingine kinalala

Wengi husema tu "vijana siku hizi wanapenda manga." Ni kweli, lakini ukiishia hapo hutajua cha kununua.

Toleo la kawaida la Kimarekani lina kurasa 32 hivi, na hadithi yenyewe huwa kama kurasa 20 hadi 22, nyingine ni matangazo. Hadithi inaendelea mwezi ujao, na mara nyingi inavuka kwenda kwenye matoleo ya shujaa mwingine. Kwa msomaji wa Dodoma ambaye hana uhakika wa kulipata toleo lijalo, hiyo ni kama kununua tairi moja la baiskeli. Juzuu ya manga ina kurasa kama 200, namba imeandikwa mgongoni, na ukimaliza ya 1 unajua unatafuta ya 2. Hadithi kijana ameshaiona kwa sehemu kwenye simu kama filamu ya katuni, anachotaka ni kuishika. Kilichobadilika si ladha ya michoro peke yake, ni pamoja na ladha ya umbo la kitabu. Ndiyo maana hadithi za mashujaa walewale wa Kimarekani zikikusanywa kwenye kitabu kimoja kinene kinachoanza na kuisha, kwangu zinatoka. Usimfukuze shujaa, badilisha umbo unalomletea.

Kuna funzo la kwao wenyewe ambalo kila muuza katuni anapaswa kulijua. Marekani, tangu miaka ya 1970, maduka ya katuni yananunua kwa punguzo kubwa bila haki ya kurudisha kisichouzwa. Hatari yote ikahamia kwa mwenye duka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wakaanza kununua katuni kama wanavyonunua viwanja, wakiamini zitapanda bei. Mwaka 1991 toleo moja la kwanza la X-Men lilichapwa zaidi ya nakala milioni nane, likiwa na majalada tofauti ili mtu anunue yote. Wenye maduka wakaagiza mabunda kwa mabunda. Wanunuzi hao hawakuwa wasomaji, na walipoondoka waliondoka kwa pamoja. Maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kwa hiyo mteja akiniambia "niwekee nakala tano", namwuliza kwanza ni za kusoma au za kutunza.

Hatua ya tano: gawa mtaji wako mafungu matatu

Katika kila shilingi kumi za mzigo mpya, mimi natumia sita kwa vitabu ambavyo daftari la mauzo limeshathibitisha vinatoka, tatu kwa majaribio yanayotoka kwenye daftari la maulizo, na moja kwa kitabu ambacho hakuna aliyekiulizia lakini mimi nimekisoma na nakiamini. Fungu hili la mwisho ni dogo, lakini usilifute. Kupitia hilo niliwahi kuleta katuni ya maisha ya wasichana wa mtaa mmoja wa Abidjan, ile ya Marguerite Abouet, tafsiri ya Kiingereza. Niliisifu kwa dada mmoja mwalimu, akaisoma, na baada ya hapo rafu ya Afrika ikapata wasomaji wake, wengi wao wanawake waliokuwa wakinipita nje kwa sababu waliona duka langu ni la ngumi na mapanga.

Hatua ya sita: nunua mfululizo kwa hesabu

Hapa ndipo wengi wanapozama. Kabla hujaanza mfululizo wowote, uliza una juzuu ngapi. Kwenye manga, Death Note ina juzuu 12. Demon Slayer ina 23. Naruto ina 72. One Piece ilianza mwaka 1997 na imeshavuka juzuu 100. Tuseme kila juzuu unainunua Sh20,000: mfululizo wa juzuu 12 kamili ni Sh240,000, wa juzuu 72 ni Sh1,440,000 kwa nakala moja moja tu. Duka dogo liegemee mifululizo mifupi iliyokwisha. Msomaji anajua atafika mwisho, na wewe unajua hela yako itarudi.

Jambo la pili, wasomaji hupungua kadiri juzuu zinavyosonga. Wanaonunua ya kwanza hawafiki wote ya tatu. Kwa hiyo nunua kama piramidi: ya 1 nakala tatu, ya 2 na ya 3 nakala mbili mbili, ya 4 hadi ya 6 nakala moja moja, kisha simama. Zinazofuata leta kwa oda, na mteja atoe kianzio cha nusu ya bei. Asiyetaka kutoa kianzio mpe heshima yake, lakini usimwagizie.

Na usikubali hata wiki moja juzuu ya 1 ikosekane. Ikiisha ya 5, umemkosesha msomaji mmoja. Ikiisha ya 1, umefunga mlango wa mfululizo mzima, na zile za mbele zote zimegeuka mzigo wa kulala. Ya 1 ikibaki nakala moja, naagiza siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: pa kupata mzigo

Vitabu vipya vya Kiingereza nafuata Dar es Salaam, au naungana na wenye maduka wengine wawili tunaagiza nje boksi moja na kugawana gharama ya usafiri na ushuru. Boksi la mtumba bado lina nafasi yake, ila nunua baada ya kulifungua. Kuna muuzaji mmoja alinifungia boksi lenye vitabu vizuri juu na chini yake miongozo ya kompyuta ya miaka ya tisini. Tangu siku hiyo sinunui boksi nisilolimwaga chini mbele ya mwenyewe.

Jihadhari na nakala za kughushi. Zinaonekana: weusi umekwajuka au umevujiana, maneno ya upande wa ndani yamemezwa na mgongo, namba za mgongoni hazikai mstari mmoja ukizipanga, jalada linateleza kama plastiki. Bei yake ni rahisi, na inavutia, lakini unauza jasho la mtu bila yeye kulipwa, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inaweza kukukuta dukani. Zaidi ya hayo, kurasa zinachomoka, na kijana aliyelipa hela yake ya chakula anarudi kwako akiwa na kitabu kilichogeuka bahasha.

Usitegemee pia mlango mmoja. Januari 2025 kampuni ya Diamond, iliyokuwa msambazaji mkuu wa katuni Marekani kwa miongo mingi, iliomba ulinzi wa kufilisika, na maduka yaliyokuwa yanaitegemea peke yake yakahangaika. Kama wao wamehangaika, sisi tulio mwisho wa mnyororo tuwe na wasambazaji angalau wawili, na namba ya wa tatu kwenye simu.

Hatua ya nane: rafu ya Kiswahili iwe mbele

Hapa naomba univumilie, maana hili liko moyoni.

Katuni ya Kiswahili haikuletwa na simu. Chakubanga, mhusika wa vibonzo, alikuwa kwenye gazeti la Uhuru kabla wengi wetu hatujazaliwa. Magazeti ya vibonzo kama Sani yalipita mkono kwa mkono mpaka yakachanika, kisha akaja Kingo, mhusika wa mchoraji James Gayo. Wazee wanaoingia dukani kwangu kutafuta daftari la mjukuu huwa wanasimama mbele ya rafu na kuniambia, "Sisi tulikuwa na zetu." Daftari langu la maulizo lina wazee wengi kuliko unavyodhani.

Na watoto wa leo wamekulia na vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me kwa Kiswahili kwenye runinga. Wakija dukani, wanatafuta lugha ile waliyoisikia. Kule Kenya, Shujaaz walianza mwaka 2010 kutoa katuni bure kwa lugha ya vijana wenyewe, na zilisomwa sana. Kiu ipo, kinachokosekana ni kitabu kwenye rafu.

Wachoraji wapo, wengine hapahapa vyuoni. Wanachapa nakala 50 au 100 kwa hela zao na hawana pa kuziuza. Chukua kwa mali kauli: wanakuachia nakala kumi, unawalipa zikiuzwa. Lakini kauli iandikwe. Karatasi moja inatosha: nakala ngapi, bei ya kuuzia, mgawo wa kila mmoja, tarehe ya kufanya hesabu, na nani anabeba hasara kitabu kikichafuka. Mimi nachukua asilimia 25 na nafanya hesabu kila tarehe 30, hata kama kimeuzwa kimoja. Mchoraji akilipwa Sh9,000 yake kwa wakati, atakuletea toleo la pili kabla ya kulipeleka kwingine.

Mpe pia mchoraji yale yaliyomo kwenye daftari. Nilimsomea mmoja maulizo ya miezi mitatu ya akina mama wanaotafuta kitabu cha mtoto wa miaka sita kisicho cha sungura. Akarudi na hadithi ya mtoto wa Bahi na punda wa kubeba maji. Nakala zote kumi ziliisha ndani ya wiki tano.

Hatua ya tisa: mzigo uliolala uamshe kwa ratiba

Kitabu kikifika siku 90, kihamishe mahali: kitoe rafu ya chini kiweke usawa wa macho, jalada likitazama mlango. Vingi huamka hapo tu. Kikifika siku 180, punguza bei, ukiangalia herufi zako za penseli. Kikifika siku 270, kifunge pamoja na kitabu kinachotoka na uuze viwili kwa bei moja, au kiuze kwa bei ya kununulia kwa maktaba ya shule. Hela iliyorudi bila faida inaweza kununua juzuu ya 1 ya kitu kinachotafutwa. Iliyobaki rafuni haiwezi.

Pokea pia vitabu vilivyosomwa. Mteja akirudisha juzuu safi, nampa nusu ya bei kama punguzo la juzuu inayofuata, nami naiuza kwenye rafu ya mtumba. Mwanafunzi ambaye bumu limeisha anaendelea kusoma, na anayeanza anapata ya 1 kwa bei nafuu.

Hatua ya kumi: umri

Mama mmoja aliwahi kuingia na kitabu mkononi, akakifungua juu ya kaunta, akaniambia taratibu, "Kaka yangu, hiki umemwuzia mwanangu wa darasa la sita." Nilikuwa sijakisoma. Nikamrudishia hela yake, nikamwomba radhi, na usiku ule sikulala vizuri. Ladha ikibadilika haraka, unaleta vitu usivyovijua, na neno "katuni" linawafanya wazazi waamini ni vya watoto.

Angalia nyuma ya jalada. Wachapishaji wakubwa wa manga ya Kiingereza huweka alama. Kwa Viz, kwa mfano, A ni ya rika zote, T ni ya vijana wa miaka 13 na kuendelea, T+ ni ya wakubwa kidogo, na M ni ya watu wazima. M ninaiweka nyuma yangu na haishikwi na mwenye sare ya shule. Kitabu kisicho na alama nakisoma chote kabla hakijapanda rafuni.

Vumbi na jua

Kwa kifupi, maana kila mkazi wa hapa anajua. Vumbi la Dodoma, hasa upepo wa Juni hadi Septemba, linaingia hata kwenye mlango uliofungwa. Futa kila asubuhi kwa brashi laini ya kupakia rangi, si kitambaa chenye maji, kwani vumbi likilowa linakuwa tope la kudumu. Dirishani weka majalada ya kuchapa kwenye printa, si vitabu vyenyewe: jua hula wino mwekundu na wa njano kwanza, na shujaa wako anabaki wa bluu. Kila juzuu ya 1 ivae mfuko wa nailoni, isipokuwa nakala moja ya kufunguliwa na watu. Hiyo moja itachakaa, na ni gharama halali ya kuuza hizo nyingine.

Kila mwisho wa mwezi

Tarehe 30 jioni, baada ya kuwalipa wachoraji, nakaa na madaftari mawili. Natafuta walioulizia watatu wasiojuana, natafuta vitabu vilivyofika siku 90, 180 na 270, natafuta juzuu za 1 zilizobaki moja. Inachukua saa moja na nusu. Kisha nafungua simu na kuwaandikia wale waliokuwa na hela mkononi siku nilipowaambia hakuna, mmoja mmoja, kwa jina: "Habari za jioni. Ile ya 5 hadi ya 8 mliyoulizia imefika, nimewawekea mpaka Jumamosi."